Baragumu na Shamba Linalopumzika

Mafundisho yaliyotolewa jioni ya pili ya matayarisho ya Yubile



Baraza la parokia lilipotuomba tutoe mafundisho ya jioni hii, tuliona kwamba kazi nyingine zote za Yubile zimekwisha kupata wenyewe. Waimbaji wana nyimbo zao. Vijana wamepaka chokaa kuta za kanisa. Akina mama wamehesabu sufuria na mifuko ya unga wa bukari, na watoto wa Kizito-Anuarite wamejifunza mchezo wao mpaka majirani wasiosali nasi wanaujua wote. Kazi moja tu haikupewa mtu, nayo ni kunyamaza. Basi tumeitwaa sisi. Twajua kwamba ni jambo la kuchekesha kusimama mbele ya watu na kusema maneno mengi juu ya kimya, lakini mtatuvumilia, kwa maana hata mwenye kutangaza mfungo hutumia mdomo.

Neno yubile limetoka kwa Waebrania, nao walilitwaa kwenye pembe ya kondoo dume iliyopigwa kuutangaza mwaka huo. Kitabu cha Walawi, katika sura ya 25, chatueleza jinsi mambo yalivyokuwa. Baada ya miaka saba mara saba, baragumu ilipaswa kulia katika nchi nzima. Mtumwa alirudi kwa jamaa yake, na aliyekuwa ameuza urithi wa baba zake aliupata tena. Mambo hayo twayasikia kila mara panapofanyika yubile, na ni vizuri kuyasikia. Lakini sura ile ile yaongeza amri nyingine ambayo watu hawaihubiri sana: mwaka ule shamba lisilimwe, mbegu isipandwe, mizabibu isikatwe matawi yake. Nchi yenyewe ipumzike mbele ya Bwana. Ndiyo kusema, yubile ina mambo mawili yasiyotengana, baragumu inayolia na shamba linalonyamaza. Baragumu tunayo. Je, shamba liko wapi?

Wakulima wetu wa milimani wataelewa upesi kuliko wasomi. Shamba linalolimwa kila msimu, maharagwe juu ya maharagwe, muhogo juu ya muhogo, hutoa mwishowe majani ya njano na mizizi myembamba kama kidole. Zamani baba zetu waliliacha likaota majani, wakahamia upande mwingine wa kilima, kisha wakarudi baada ya miaka. Leo watu wamekuwa wengi, vita vimewasukuma wabanane karibu na miji, na hakuna anayethubutu kuacha hata kipande kimoja bila jembe. Moyo wa Mkristu wa siku zetu umekuwa namna hiyo. Umelimwa toka alfajiri mpaka usiku, na kila mtu apanda kitu chake ndani yake.

Mungu alijua kwamba watu wake wangeogopa. Katika sura hiyo hiyo alitaja mapema swali lao: tusipopanda, tutakula nini? Swali hilo si la uvivu wala la utovu wa imani. Ni swali la mama anayeuza makaa sokoni, ambaye akikosa siku moja watoto wake hawali. Tukimwambia mama huyo kwamba yampasa kukaa kimya saa nzima mbele ya Mungu, tumwambie pia ataipata wapi saa hiyo. Tutarudi kwake.

Tukitaja kelele, hatutaki kuwashtaki wale wanaoishi kwa kuuza kwa sauti, wala wenye motokari, wala vijana wa pikipiki wanaotafuta mkate wao. Hatutaki hata kuilaumu redio. Barabara zilipofungwa na padri hakuweza kufika, redio ilituletea Misa na rozari nyumbani. Telefoni nayo imeunganisha jamaa zilizotawanyika toka Uvira mpaka Kisangani, na mpaka ng'ambo. Wapo kati yetu waliopata habari ya kwamba mtoto wao yu hai kwa njia ya telefoni tu. Chombo kilichomletea mama habari kama ile, hatuwezi kukiita kazi ya shetani.

Hata hivyo, tuseme yaliyopo. Telefoni imekuwa kama mtoto asiyejua kungoja. Mtu amepiga magoti mbele ya Sakramenti Takatifu, telefoni inatetemeka mfukoni, na hata asipoitoa, moyo wake umekwisha kutoka nje ya kanisa kwenda kuuliza ni nani anayeita. Mwili umebaki umepiga magoti peke yake. Kisha watu wanatuambia: tunasali, lakini Mungu hatujibu. Labda amejibu, akamkuta mwenye nyumba ametoka.

Tena kuna kelele inayovaa nguo za ibada. Novena juu ya novena, mkutano juu ya mkutano, kwaya nne katika Misa moja zikigombea nafasi, na matangazo ya mwisho ambayo mara nyingine ni marefu kuliko mahubiri. Marta wa Betania hakukosa kwa sababu alipika. Bila yeye Bwana Yezu angelala na njaa. Mtakatifu Luka asema tu kwamba alivutwavutwa na mambo mengi. Kuvutwavutwa, hilo ndilo neno. Mtu anaweza kuvutwavutwa hata na vitu vitakatifu, na parokia nzima yaweza kuwa kama Marta katika mwaka wake wa yubile.

Lakini, ndugu wapenzi, tungekuwa tunawadanganya kama tungesema kwamba watu wa sehemu zetu wanakimbia kimya kwa sababu tu wanapenda muziki. Kuna sababu nyingine, nayo ni nzito. Toka mwaka 1996 vita vimepita juu ya vijiji vyetu, vikaondoka, vikarudi kwa majina mengine. Katika kila shirika la parokia hii kuna nyumba ambayo kiti kimoja hakina mtu. Wapo kati yetu wasioweza kulala pasipo redio kusema karibu na kichwa chao. Si kwamba wanapenda habari za usiku. Wanaogopa ile saa ambapo sauti zote zimekwisha, kwa maana ndipo wanaposikia tena mlango ukivunjwa. Kwa watu hao kelele ni blanketi. Kuwavua blanketi hilo na kuwaambia kwa urahisi kwamba Mungu yu katika kimya, ni kumpeleka mtu aliyeungua karibu na moto na kumsifia joto lake.

Ndiyo sababu tunataka kukaa kidogo na nabii Eliya. Habari yake inasomwa mara nyingi kwa haraka, watu wakitafuta ile sauti nyororo ya mlima Horebu kana kwamba mambo yalianzia pale. Hayakuanzia pale. Kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 19, kinaanza na mtu anayekimbia ili kuokoa roho yake. Malkia Yezebeli ameapa kumwua. Manabii wenzake wamekwisha kuuawa. Eliya anamwacha mtumishi wake njiani, anaingia jangwani mwendo wa siku moja, anaketi chini ya mti na kuomba afe. Tunao watu wengi hapa waliokwisha kuketi chini ya mti huo.

Basi tazameni jinsi Mungu alivyomtendea. Hakumwambia asali. Hakumfundisha kunyamaza. Alimwacha alale, kisha akamtuma malaika na mkate uliookwa juu ya makaa na chombo cha maji. Eliya akala, akalala tena, na malaika akarudi mara ya pili na chakula, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu. Baada ya hayo ndipo akatembea siku arobaini mpaka mlimani. Kimya cha Horebu kilitanguliwa na mkate, na usingizi, na mtu wa kumgusa bega. Wenye kuongoza retreti na mafundisho katika majimbo yetu wangefanya vizuri kuikumbuka orodha hiyo. Mtu mwenye jeraha asitupwe ndani ya kimya peke yake. Aketi kwanza na wenzake wa shirika, ale, alale, na mwingine amshike mkono.

Wazee wetu walilijua jambo hili bila kusoma. Nyumba yenye matanga haikosi watu wa kusema, lakini aliye ndugu kweli ni yule anayekuja, anaketi chini kwenye mkeka, na hasemi neno. Rafiki za Yobu nao walifanya hivyo. Waliketi pamoja naye chini siku saba, usiku na mchana, bila kusema, kwa sababu waliona kwamba uchungu wake ulikuwa mkubwa mno. Matata yalianza walipofungua midomo.

Kule mlimani kulipita upepo wenye kupasua miamba, kisha tetemeko la nchi, kisha moto. Watu wa nchi nyingine husoma maneno hayo kama mifano. Sisi watu wa Kivu hatuhitaji kufikiri sana. Mlima Nyiragongo ulimwaga moto wake mwaka 1977, tena mwaka 2002, ukateketeza sehemu kubwa ya mji wa Goma pamoja na kanisa lake kuu, tena mwaka 2021. Bukavu ilitikiswa na tetemeko siku ya Mungu, tarehe 3 Februari 2008. Siku kama zile watu walianguka kifudifudi wakasema: Mungu amesema. Kitabu kitakatifu hakikatazi kumwogopa Mungu mbele ya mambo makubwa, lakini chasema wazi kwamba Bwana hakuwamo katika upepo ule, wala katika tetemeko, wala katika moto. Tena kwa watu waliopita katika moto wa vita, neno hilo ni faraja. Mungu hakuwa ndani ya bunduki zile. Hakuwatuma wale waliokuja usiku.

Halafu ikaja sauti ndogo, nyembamba kama pumzi, na Eliya akafunika uso wake. Na sauti ile ilikuwa na nini? Ilikuwa na swali. Mungu alimwuliza Eliya anafanya nini pale. Alimwuliza mara mbili, na mara mbili Eliya akajibu kwa maneno yale yale: amebaki yeye peke yake, nao wanatafuta roho yake. Hakubadilisha hata neno moja, kama mtu aliyeyarudiarudia moyoni kwa siku arobaini. Na Mungu hakumkemea kwa kulalamika. Tunawaomba mlishike jambo hili, ninyi mnaoogopa kwamba mkinyamaza mtaanza kulia. Lieni. Eliya alileta malalamiko yake yote ndani ya kimya cha Mungu, na kimya kile kiliyapokea. Kisha Mungu akampa kazi: arudi kwa njia aliyoijia, awapake mafuta Hazaeli na Yehu, amtwae Elisha. Tena akamwambia kwamba wapo wengine elfu saba wasiopigia Baali magoti. Eliya alidhani amebaki peke yake. Katika kelele za kukimbia asingeweza kuwahesabu.

Sasa tunawaona wengine wakitikisa kichwa. Wanasema: kimya ni desturi ya Ulaya. Kanisa la Wazungu ni baridi na hakuna anayesogea. Sisi tunamsifu Mungu kwa ngoma, kwa vigelegele, kwa mwili mzima. Je, baada ya kuruhusiwa kucheza mbele ya Bwana mnataka kutufunga tena? Hapana, ndugu. Hatutaki ngoma hata moja iondolewe kesho kutwa. Lakini tunataka kuwauliza wenye ngoma wenyewe.

Mnajua lokole, ile ngoma ya mti mzima uliochongwa ndani, ambayo Batetela na watu wa mto kule upande wa Kisangani waliitumia kutuma habari. Mmisionari mmoja wa Kiprotestanti aliyekaa Yakusu, karibu na Kisangani, jina lake John Carrington, alijifunza kuipiga na kuisikia, na mwaka 1949 akatoa kitabu juu yake. Lokole ina sauti mbili, ya juu na ya chini, nayo hufuata mwinuko wa maneno ya lugha. Kwa kuwa maneno mengi mafupi yana mwinuko ule ule, mpigaji hasemi neno moja, husema fungu refu la maneno ili asikilizaye asikosee. Na wapigaji walichagua saa yao: alfajiri, au jioni na usiku, hewa ikiwa imetulia na vijiji vimenyamaza, maana hapo ndipo sauti inapofika mbali kupita mto na msitu. Basi lokole haikuwa adui wa kimya. Bila kimya ilikuwa mti tu unaopigwa. Na kijijini, ilipoanza kusema, wenye kutwanga waliacha mchi. Hayo hatukuyapokea kutoka Ulaya.

Angalieni pia Misa yetu. Misale ya Kiroma kwa majimbo ya Zaire ilikubaliwa na Roma mwaka 1988, baada ya kazi ya miaka mingi ya maaskofu wetu, na watu wengi huifahamu kwa michezo yake tu. Lakini ndani yake yumo mtangazaji, ambaye kazi yake mojawapo ni kuwaita watu watulie na kusikiliza. Tena Evanjili yasikilizwa watu wakiwa wameketi, jinsi watoto wa mji wanavyoketi mzee anapotoa neno, kwa sababu kwetu sisi mtu anayesimama ni mtu aliye tayari kuondoka. Na katika maungamo watu huinamisha vichwa, mikono ikiwa imepishana kifuani. Waliotunga Misa ile walijua kwamba mchezo na utulivu ni ndugu wa tumbo moja. Sisi tumemchukua ndugu mmoja, tukamwacha mwingine mlangoni. Mtaguso wa pili wa Vatikano nao, katika hati yake juu ya Liturujia ya mwaka 1963, uliagiza kwamba kimya kitakatifu kishikwe kwa wakati wake, na uliagiza hivyo mahali pale pale unapotaja nyimbo na majibu ya watu. Nafasi zake zimepangwa katika Misa: padri anaposema Tuombe, baada ya masomo na mahubiri, baada ya Komunyo. Tunazijaza zote.

Wazee waliofundishwa katika misioni za Mapadri Weupe wanakumbuka katekumenato ya miaka minne. Kardinali Lavigerie aliiweka kama sheria, na wengi waliona ni ndefu mno. Mtu alivaa kwanza medali, akangoja, akasikiliza, akajaribiwa katika mwenendo wake, kabla ya maji kumwagwa juu ya kichwa chake. Hatusemi kwamba kila jambo la siku zile lilikuwa jema. Lakini miaka minne ya kusikiliza ilifanya watu ambao neno moja la Evanjili liliwatosha kwa juma zima. Leo tunapokea maneno mia kwa siku katika telefoni, pamoja na mistari ya Biblia iliyopambwa maua, na jioni hatukumbuki hata mmoja.

Kuna kosa moja tunaloogopa lisitokee kwa sababu ya mafundisho haya. Mtu asije akasema: parokia imetufundisha kunyamaza, basi tunyamaze mbele ya wenye kuiba, mbele ya wenye kuwashika wasichana kwa nguvu, mbele ya wakubwa wanaouza nchi. Kimya hicho ni kimya cha hofu, nacho hakina undugu na kile cha Horebu. Tunaye shahidi. Monsinyori Christophe Munzihirwa alikuwa Mjezwiti, na kila Mjezwiti hupitia katika Mazoezi ya Mtakatifu Inyasi, siku thelathini za sala na kimya. Alipokuwa Askofu Mkuu wa Bukavu, katika siku ambapo wengi wenye mamlaka walikuwa wamekimbia au wamefunga midomo, aliandika na kusema wazi juu ya vita vilivyokuwa vinakuja, akiwatetea wakimbizi na watu wake. Aliuawa Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996. Waliomwua hawakumwua kwa sababu alisali kimya. Lakini hatuamini kwamba angeweza kusema vile bila ya kuwa amesikiliza kwanza.

Wala kimya hakimlindi mtu na vita. Wamonaki Watrapisti walijenga nyumba yao ya Mokoto, katika milima ya Masisi, mwaka 1954, ili wamtafute Mungu mbali na fujo. Mwezi wa Mei 1996 watu waliokuwa wamekimbilia huko walishambuliwa na wengi wakauawa, na wamonaki wakalazimika kuyaacha makao yao. Tunayataja hayo ili mtu asidhani tunauza dawa.

Turudi kwa mama wa makaa. Bwana Yezu alisema kwamba anayesali aingie chumbani mwake na kufunga mlango. Nyumba nyingi za parokia yetu zina chumba kimoja au viwili, na watoto saba, na bibi mgonjwa. Mlango wenyewe ni pazia. Basi chumba kiko wapi? Tumeuliza akina mama, na majibu yao yametufundisha kuliko vitabu. Mmoja ana njia ya kwenda kwenye maji, kabla jua halijatoka, alipo peke yake na bidoni yake. Mwingine ana dakika zile ambapo moto haujashika na hakuna la kufanya ila kungoja. Yezu mwenyewe, asema Mtakatifu Marko, aliamka usiku bado mwingi akaenda mahali pasipo watu, na hata pale Simoni na wenzake walimfuatia kumwambia kwamba watu wote wanamtafuta. Simoni alikuwa telefoni ya siku ile. Bwana hakumkasirikia, lakini hakurudi alikoitwa. Alikwenda vijiji vingine, kwa kuwa alikuwa amekwisha kusikia kwa Baba kazi yake ni ipi.

Wafanya kazi wamtazame Mwenye Heri Isidori Bakanja. Alikuwa kijana wa kazi za mikono, hakuwa mtawa wala mwalimu mkubwa. Alibatizwa tarehe 6 Mei 1906, na Mapadri waliomfundisha walikuwa Watrapisti waliokuja upande wa Mbandaka. Watu wa kimya walimzaa kwa imani mtu wa kazi. Alipokuwa akifanya kazi katika shamba la kampuni, mbali na misioni, bila padri na bila Misa, alikuwa na skapulari na rozari yake tu. Vitu viwili. Kwa ajili ya skapulari ile alipigwa vibaya mno kwa fimbo ya ngozi yenye misumari, akateseka miezi, akasamehe, akafa tarehe 15 Agosti 1909. Papa Yohani Paulo wa pili alimtangaza Mwenye Heri mwaka 1994. Ukihesabu vyombo vyote tulivyo navyo leo vya kusaidia sala, vitabu, kanda, redio, na hizo telefoni, utaona kwamba yeye alifika pasipo kimoja.

Basi tunatoa mashauri machache tu, na Baba Paroko ameyakubali. Kila shirika, likisha kusoma Evanjili katika mkutano wake wa juma, linyamaze muda wa Baba Yetu tatu kabla ya mtu wa kwanza kusema. Nao wanaosema haraka kila mara waanze kusema wa mwisho. Mtu anayeingia kanisani aizime telefoni mlangoni, asiitie tu kimya mfukoni. Jamaa zenye redio zichague saa moja ya jioni isiyo na sauti, hata kama ni wakati wa kula bukari tu, na aliye na uchungu asiachwe peke yake saa hiyo. Zaidi ya hayo hatuna la kuagiza. Moyo wa kila mtu una udongo wake.

Kesho kutwa katika Misa ya Yubile mambo yatakuwa hivi. Kwaya zote nne zimekubali, na haikuwa rahisi, kwamba baada ya Komunyo hakuna itakayoanza wimbo. Wapigaji wataweka ngoma chini na kuondoa mikono juu yake. Mtangazaji atatuita tuketi. Tutakaa dakika tano, na watoto wakilia walie, hakuna atakayewatoa nje. Katika dakika hizo tunawaomba wale wenye majina mioyoni, majina ya waliofariki katika miaka hii 50 na ya wale ambao hatujui walizikwa wapi, wayataje ndani kwa ndani mbele ya Bwana. Askofu atakaposimama na kusema Tuombe, mpigaji wa ngoma kubwa amngoje amalize sala. Halafu aanze, na tutatoka tukicheza mpaka uwanjani, ambapo chakula kitakuwa tayari.